Kozi ya video ya Caro-Kann: imenifundisha mengi, imenigharimu askofu

Niliimaliza kozi hii ya sataranji (chesi), inayofundisha ufunguzi uitwao Caro-Kann kwa mwenye kete nyeusi, wiki moja kabla ya mashindano ya raundi tano, dakika 90 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 30 kila hatua. Naipa nyota tatu kati ya tano.

Utamu wake uko kwenye saa ya kwanza. Mwalimu hakimbilii kukaririsha. Baada ya 1.e4 c6 2.d4 d5 (herufi na namba hutaja mraba ambako kete inakwenda, mweupe kwanza, kisha mweusi) anasimama kwenye swali moja: kwa nini c6, wakati e6 nayo ingeitegemeza d5? Jibu ni askofu wa mweusi anayeanzia c8. Katika Ulinzi wa Kifaransa, ufunguzi ambao mweusi huanza na e6, kitunda (kete ndogo ya mbele) cha e6 humfungia ndani. Hapa anatoka kwanza, e6 inafuata. Nimecheza miaka mingi bila mtu kunieleza hivyo. Raundi ya pili mpinzani alibadilishana vitunda pale d5, nami nikajua kila kete yangu inaelekea wapi. Nilishinda nikiwa bado na dakika 40.

Raundi ya nne, tena na kete nyeusi, likaja 3.e5. Nikatoa askofu hadi f5, naye akasukuma 4.h4. Si hatua ya kubahatisha: Mikhail Tal, bingwa wa dunia wa wakati huo, aliitumia dhidi ya mtangulizi wake Botvinnik katika marudiano yao ya ubingwa wa dunia mwaka 1961. Kozi inaipa dakika mbili tu, mkiani mwa video ndefu. Programu yake ya mazoezi ilikuwa imenizoesha e6 kila askofu anapotoka, basi mkono ukaenda e6, nikamzibia askofu njia ya kurudi. Ikaja g4. Askofu akakimbilia e4, akafukuzwa na f3, akarudi g6, h5 ikambana. Niliambulia kitunda kimoja, kisha nikapigana saa mbili katika mchezo uliopotea hatua ya saba.

Hapo ndipo ninapolaumu. Mazoezi yanakupa alama ya kijani ukikumbuka hatua, lakini hayakuulizi sababu hata mara moja, ilhali somo lenyewe lilianza kwa sababu!

Niliwaandikia wauzaji. Walijibu kwa adabu kwamba sehemu hiyo itapanuliwa. Video bado ni ileile. Ukiinunua, anza na zile dakika mbili, na ushike 4...h5, jibu la mweusi kwa 4.h4. Inamwachia mweupe mraba wa g5, ila g4 haiji bure na askofu wako ana pa kupumulia.