Vidonge vya kutibu maji: nilivyovitumia Pemba baada ya Kimbunga Kenneth

Vidonge hivi nilivijulia Pemba ya Msumbiji, siyo ile ya karafuu. Nilikuwa kwa dada yangu aliyeolewa Paquitequete, mtaa wa Wamwani, wenyeji wa pwani ile, Kimbunga Kenneth kilipopiga mkoa wa Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019. Upepo ulipita, mvua ikabaki siku kadhaa. Vyoo vya shimo vikafurika hadi visimani. Mwanzoni mwa Mei kipindupindu kikatangazwa, na kule mji wa Beira walikuwa bado wanahangaika na kile kilicholetwa na Kimbunga Idai mwezi Machi.

Tuligawiwa vidonge vya klorini vya miligramu 67, kimoja kwa ndoo ya lita 20. Unatia, unafunika, unangoja nusu saa. Nyumbani tulikuwa tisa, watano watoto, na hakuna aliyeharisha. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Maji ya watu tisa tungeyachemsha kwa kuni zipi?

Ila maji yakiwa na tope, kidonge peke yake hakitoshi, klorini yote inaishia kwenye uchafu. Sisi tuliyaacha yatuame, tukayachuja kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne, ndipo tukatia dawa. Na harufu ipo. Mama mkwe wa dada aligoma kabisa: "Haya ya kufulia." Tukawa tunayatibu usiku, asubuhi tunayamimina ndoo hii kwenda ile, harufu inapungua. Akanywa.

Lalamiko langu kubwa ni pakiti. Vidonge vimefungwa kama Panadol, maelezo Kireno na Kiingereza tu. Aliyegawa alishusha boksi akaondoka. Jioni ile nilimkuta bibi wa nyumba ya pili ameshakibandua kimoja, kiko kiganjani, kikombe cha maji mkono wa pili.

"Si dawa ya tumbo hii, mwanangu?"

Nilimshika mkono. "Hapana bibi, hii ni ya ndoo."

Wamwani na sisi tunaelewana bila mkalimani. Mtu mmoja wa kueleza kwa dakika tano angetosha. Au picha ya ndoo tu.

Dawa yenyewe naipa nyota nne. Hapa Mtwara ninazo pakiti mbili ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, maana zikipata unyevu zinaharibika, juu ya kabati watoto wasikofika. Zote mbili nimezichora ndoo kwa maka peni.