Menyu ya simu: jiko limeipenda, kapu ndo lilitutesa

Hii huduma nimeitumia miezi mitatu kwenye kijigahawa chetu Jambiani, jina la kampuni naliweka kando maana ni watu wa mjini hapahapa, tunakutana Forodhani. Mgeni anaskani ile QR ya mezani, menyu inafunguka kwenye brauza, hana haja ya kudaunlodi kitu, anachagua pweza wake wa nazi na juisi ya ukwaju, anatia kwenye kapu, oda inatokea jikoni. Picha zinafunguka hata neti ikisuasua, na bi mkubwa wa jikoni ambae simu na yeye ni mbalimbali kaizoea siku mbili tu. Hapo nawasifu.

Sasa hilo kapu! Wateja wengine wanabonyeza weee, ukurasa kimya, hausemi lolote. Mtaliano mmoja kabonyeza changu wa kupaka mpaka kachoka, mwisho kaja kaunta kaninyooshea kidole samaki mwenyewe. Nikawapigia, jawabu lao "neti yenu kaka". Neti gani, na meza ya pili mtu anatizama mpira laivu kwa neti hiyohiyo?

Mtoto wa kaka yangu anasoma mambo ya kompyuta SUZA, chuo kikuu cha Zanzibar, kaja Ijumaa kakaa na ile simu, haikupita nusu saa ananambia, "Ami, hawa wameangalia tu kama stoo ipo, hawajajaribu kutia kitu." Kumbe kapu linawekwa kwenye stoo ya brauza, lokali storeji, ambayo mara nyingi ni kama MB 5 kwa saiti moja. Mgeni akiwa kazuia kuki zote, yaani vile vijikumbukumbu saiti zinaacha kwenye simu, brauza inaifunga na hiyo stoo; maandishi ya programu ya menyu yakiigusa tu yanarushiwa eror, na kama hakuna wa kuidaka programu inakufa palepale. Na iPhone za zamani, kabla ya Safari 11 ya 2017, Safari ndo brauza ya iPhone, ndo vituko zaidi: kwenye dirisha la faragha stoo unaiona ipo lakini nafasi sifuri, andika herufi moja tu inakataa. Mtungi huo, utajuaje unavuja kama hujautia maji?

Dawa yenyewe mistari kumi haifiki. Unaandika kitu kidogo, unakifuta, yote ndani ya try na catch, yaani jaribu na ikirushwa eror idake, ikigoma kapu likae kwenye memori ya ukurasa wenyewe. Akirifreshi litapotea, sawa, lakini wengi wanaagiza palepale. Tukawatumia, wakakaa nayo wiki mbili ndo wakaitia, ahsante hakuna, ila kapu toka hapo halijagoma.

Nyota tatu. Anaetaka kuwachukua, kabla hajatoa pesa azuie kuki zote kwenye simu yake, afungue menyu, atie japo chapati moja aone.