Siglo au itd: PineTime kwenye PinePhone hapa Goma
Saa yangu ya PineTime (saa janja ya mkononi), yenye InfiniTime, yaani mfumo unaoiendesha, nimeiunganisha na PinePhone, simu inayotumia Linux, kwa njia zote mbili: Siglo na itd. Siglo ni programu ya kugusa: unaifungua, inatafuta saa, unaunganisha, na saa inapokea wakati wa simu. Kwa anayeanza, inatosha.

Mimi lakini nimebaki na itd. Inafanya kazi kimyakimya nyuma, inaleta mkononi ujumbe, simu zinazoingia na jina la wimbo. Amri unaandika kwa itctl, programu yake ya kuandikia amri. Umeme ukikatika mtaani Birere siku mbili, saa ikazimika, siku ya kuchaji itd ikiiona tena inaipa wakati bila kuulizwa. Hapo ndipo iliniteka moyo.

Ila simu yenyewe iwekwe majira ya saa ya Africa/Lubumbashi, yanayotumika hapa Goma. Ukiacha Africa/Kinshasa, saa yako ya mkononi itachelewa kwa saa moja, programu yoyote utakayotumia.

Zote mbili zinasasisha InfiniTime kwa Bluetooth, na faili haifiki megabaiti 1. Ikimaliza, ingia kwenye mipangilio ya saa uthibitishe toleo jipya. Usipothibitisha, ikijiwasha upya inarudia la zamani.