Siku tisa na Gibson ES-335 hapa Tabora: uzoefu wangu

Nimelitamani gitaa hili miaka kumi na moja. Magitaa ya umeme nimeshika mengi, maana mimi ni fundi redio, kibanda changu kiko karibu na soko kuu, na kwaya au bendi ya harusi mjini hapa ikisumbuliwa na amplifaya huja kwangu. Lakini la kuninyima usingizi lilikuwa moja tu: Gibson ES-335, jekundu lililokolea, lenye matundu mawili ya umbo la herufi f kifuani. Mwezi wa saba nilikaa nalo siku tisa. Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu wa kunieleza kwa Kiswahili kama pesa ile inastahili, sikumpata.

Kwanza bei, tusizungushane. Jipya la kiwandani linazidi dola 3,000. Kwa shilingi zetu ni milioni 7 na kuendelea, na hapo hujalipa usafiri, ushuru wa forodha wala VAT ya asilimia 18. Yale ya zamani yenyewe, ya kuanzia 1958 lilipotoka mara ya kwanza hadi miaka ya mwanzo ya sitini, yanauzwa makumi ya maelfu ya dola. Hiyo ni bei ya nyumba, na hayo nimewaachia wenye nayo.

Kiu yenyewe ilianzia kwa baba mdogo. Mji huu una historia ya dansi ambayo watoto wetu hawaijui: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids zote ni za hapa. Baba mdogo hakufika huko. Alipiga rithimu kwenye bendi ndogo ya harusi na baa, na alinifundisha kord za kwanza chini ya mwembe nyumbani kwake, kwa gitaa kavu lenye nyuzi nne. Alikuwa akiniambia kuna magitaa yanaimba na kuna magitaa yanakwaruza, na kwamba mpigaji mzuri akipewa la kukwaruza anazeeka mapema. Nilikuja kuisikia sauti aliyokuwa akiisema nilipotazama video ya B.B. King, mpiga gitaa wa blues wa Marekani, akipiga Kinshasa mwaka 1974, kwenye lile tamasha la Zaire. Gitaa lake, aliloliita Lucille, ni la ukoo huu huu wa Gibson. Noti moja ilitoka, ikakaa hewani, ikatetemeka, ikaisha yenyewe bila kusukumwa. Niliirudia ile sehemu mpaka chaji ikakata.

Miaka minne iliyopita nikauziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji mmoja wa Dar alinitumia kwa basi "Gibson" ya laki tisa. Niliipokea stendi saa kumi na moja alfajiri, nikaifungua hapo hapo kwenye mwanga wa simu, na moyo ulinidunda kwa furaha. Sikujua niangalie nini. Leo najua: pale kichwani, juu ya nati (kile kipande chenye mifereji ya kupitishia nyuzi), kuna kifuniko kidogo cheusi kinachoficha skrubu ya kunyooshea shingo. Cha Gibson halisi kinashikwa na skrubu mbili. Changu kilikuwa na tatu. Nilipofungua pikapu, kile kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachodaka sauti, nikakuta waya umesokotwa ovyo, risasi ya kulehemu imemwagika kama uji. Muuzaji hakupokea simu tena. Pesa ile ilikuwa ya ada, na iliniuma muda mrefu.

Kwa hiyo kaka mmoja niliyesoma naye, anayeishi Marekani, aliporudi kumwoza dada yake na kuja na ES-335, nilikwenda kumsalimia nikiwa na mashaka yangu yote. Skrubu mbili. Alipokuwa anakwenda Urambo kwa mama yake aliniambia, "Kaa nalo fundi, ila lisitoke ndani."

Nilisubiri watu walale. Nikachomeka jeki kwenye amplifaya yangu ya zamani, nikafungua volyumu yote ya gitaa, nikaondoa mkono kwenye nyuzi. Wapigaji mnajua kinachofuata: mngurumo. Kibandani kwangu gitaa lenye pikapu za koili moja hunguruma kama nyuki, ukishika nyuzi linapungua, ukiachia linarudi, na mwezi wa saba ndiyo linazidi, maana ardhi ya Tabora inakauka kuwa jiwe na ethi, yaani ile fimbo na waya wa kupeleka umeme ardhini, ikichomekwa kwenye udongo mkavu haifanyi kazi vizuri. Nikasubiri ule mngurumo. Kilichokuja ni pumzi ndogo tu ya spika, basi. Nilidhani jeki haijaingia. Nikagusa uzi wa tatu kwa kucha, na noti ikajaa chumba kizima, nene, tamu, bila takataka yoyote. Nilikaa chini.

Niwaeleze kwa nini, kwa sababu hapa ndipo pesa ilipo. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unazalisha umeme kidogo, na huo ndio sauti. Tatizo ni kwamba koili hiyo hiyo ni antena, inadaka kelele za transfoma, taa na nyaya za ukutani. Mwaka 1955 mhandisi wa Gibson, Seth Lover, aliweka koili mbili kwenye pikapu moja, sumaku za upande huu zikiwa kinyume na za upande ule, na koili zikaungwa kinyume pia. Kelele inayotoka nje inaingia kote kuwili, lakini moja inaipokea wima na nyingine kichwa chini, zikikutana zinauana. Sauti ya uzi, kwa kuwa inapita kwenye sumaku pia, inageuzwa mara mbili na kurudi wima, kwa hiyo inajumlishwa. Nimetengeneza redio miaka kumi na minane na sijaona wazo zuri kuliko hilo. Nilipima ukinzani wa waya kwa mita kupitia kwenye jeki: kilo-omu 7.6 pikapu ya shingoni, 7.9 ya darajani, pale nyuzi zinapokalia mwilini. Zinakaribiana. Ile bandia yangu pikapu moja ilisoma 12 na nyingine 5.

Kitu cha pili ni mwili. Seremala mmoja jirani alikuja kulitazama, akagonga kifua kwa kifundo cha kidole, akaniambia, "Hii mbona plaiwudi?" Ni kweli. Mbele na nyuma ni maple iliyobandikwa kwa tabaka, si ubao mzima. Alisikitika kabisa, yeye aliyezoea mninga. Lakini ndani, kutoka shingoni hadi mkiani, limepita gogo zima la maple, pembeni kulia na kushoto pakaachwa wazi. Magitaa yenye uwazi mtupu ndani yakipigwa karibu na spika kubwa hupiga filimbi ile ya kuumiza masikio. Magitaa ya ubao mzima hayapigi filimbi kirahisi, lakini yanakosa ile hewa. Hili lina hewa na lina uti wa mgongo. Nililisogeza hadi hatua mbili kutoka kwenye spika, sauti juu, likatulia. Tena hizo tabaka, kwa ukame wa huku, nadhani zinalisaidia. Ubao mzima ungehangaika zaidi.

Siku ya nne nilimleta baba mdogo, kwa kuwa gitaa halikuruhusiwa kutoka. Ana miaka sabini na tatu, kidole cha pete cha kushoto hakikunji vizuri.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Liko wapi?"

Hakukaa kwanza. Alilitazama mbele, akaligeuza nyuma, akapitisha kidole gumba kando ya shingo kusikiliza kama freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zinachoma. Kisha akakaa, akapunguza volyumu mpaka kama saba, na swichi iliyokuwa juu, nilipoiweka mimi siku zote hizo, akaishusha katikati ili pikapu zote mbili zifanye kazi. Siku tatu sikuwa nimefikiria kufanya hivyo. Akaanza rithimu, ile ya kuzunguka zunguka karibu na daraja, laini, kila uzi unasikika peke yake kama mtu anahesabu sarafu. Ilikuwa ile sauti ya mwembe. Alipiga kama dakika kumi bila kusema neno, na kile kidole kibovu akakikwepa kwa kuhamisha kord juu zaidi. Hapa shingo haiungani na mwili mpaka freti ya 19, kwa hiyo mkono unafika huko juu bila kubanwa. Alipoweka chini akasema, "Gitaa hili halibishani." Akauliza bei. Nikamwambia. Akanyamaza, akalishika tena.

Kasoro za kujua kabla hujatoa pesa: kichwa kimelala nyuma kwa pembe kali, shingo ni ya mahogani, na mahali pale panajulikana duniani kote kuwa ndipo magitaa ya namna hii huvunjika yakianguka. Usithubutu kulisafirisha na begi laini kwenye buti la basi. Sanduku gumu, na likae na wewe. La pili, kiangazi chetu. Ubao wa freti ni rosewood, jamii moja na mpingo wetu, na ukikauka unasinyaa, ncha za freti zinatokeza na kukwaruza kiganja. Sifongo yenye unyevu ndani ya kisahani cha sabuni kilichotobolewa, ikae sandukuni kuanzia Juni hadi mvua zianze. Na mkizungumzia rosewood: kuanzia Januari 2017 biashara yake ya kuvuka mipaka ilitaka kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, hata kwa magitaa, mpaka vyombo vya muziki vilivyokamilika, isipokuwa vya rosewood ya Brazil, vikaondolewa sharti hilo Novemba 2019. Ukikutana na mtu anakutisha kwamba jipya litakamatwa bandarini kwa sababu ya mbao, anazungumzia miaka ile.

Kijana wa kwaya akiniuliza leo anunue nini, nitamwambia Epiphone ES-335. Epiphone ni mali ya Gibson tangu 1957, umbo ni lile lile, koili mbili zile zile kwa mpango wake, na bei ni kama sehemu moja kwa tano. Nimewahi kurekebisha moja ya kwaya, ni gitaa la kazi kweli kweli. Tofauti niliyoisikia iko kwenye kuisha kwa noti: ya Epiphone inaisha vizuri, ya lile jekundu inaisha polepole na inabaki tamu mpaka mwisho. Kwa wengi tofauti hiyo haifiki milioni 5. Kwangu inafika. Nimejiuliza usiku mwingi na jibu ni hilo hilo.

Siku ya kumi mwenyewe alilichukua. Nililifuta nyuzi, nikafunga sanduku kwa vibano vyote vitano.

Nina milioni 2 na laki 3. Wiki iliyofuata niling'oa ethi ya zamani ya kibanda, nikachimba mpya kando ya mwembe ambako udongo una unyevu, nikashindilia fimbo ya shaba hadi ikazama, nikaweka mkaa na chumvi kuizunguka. Kila Jumamosi naimwagia ndoo ya maji. Baba mdogo akipita husimama kutazama, kisha huuliza imebaki ngapi.