Wembe wa dharura Dodoma: wa stendi, wa supamaketi au wa kwa mangi?

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama umefika Dodoma usiku, huna hata kifaa kimoja cha kunyolea na kesho asubuhi una kikao, nenda kwa mangi yeyote aliye karibu na gesti yako, chukua Bic ile ya njano yenye wembe mmoja, sabuni ya kipande na kichupa kidogo cha mafuta ya nazi, urudi ukalale. Haya mengine ni maelezo tu ya kwa nini nasema hivyo, maana nimezunguka huo mji usiku na nina maoni.

Ilikuwa hivi, nimetoka Dar na basi, kufika stendi ya Nanenane nikaambiwa begi langu limepakiwa kwenye basi jingine la kampuni hiyohiyo linalokuja nyuma (jina siliweki, begi lilifika kesho yake mchana likiwa zima) na kwenye hilo begi ndio kuna mashine yangu, mafuta, kila kitu. Kikao chenyewe ni saa mbili asubuhi Mtumba kwenye mji wa serikali, kule unakutana na watu wamevaa suti toka saa moja, halafu mimi ndevu zimeshachomoza zile za viraka viraka, shavu moja zipo lingine hazipo. Na ndevu zangu ni za kipilipili, nikinyoa hovyo shingo yote inakuwa vipele wiki nzima, wenye shida hii wananielewa.

Pale stendi kuna machinga wanapita na ubao kifuani, una kila kitu, soksi, chaja, earphone, vitana, na nyembe zimening'inia kwenye kadi. Nikashika pakiti moja, rangi ni zilezile za kampuni kubwa tunayoijua wote ila ukisoma jina taratibu kuna herufi moja imebadilishwa, na nyuma hakuna hata jina la nchi iliyotengenezwa. Jamaa anataka buku mbili kwa kimoja. Nikachukua kimoja kwa buku baada ya kupatana, nikasema isiwe tabu, ni akiba.

Kwanza kile kikofia cha plastiki cha kufunika makali kilikuwa kimelegea, kinachezacheza, ikimaanisha kimetembea hivyo juani na vumbini sijui toka lini. Nilipofika chumbani nikakijaribu kwenye vinyweleo vya mkono, hakikati, kinavuta. Unasikia kabisa unywele unang'olewa. Hicho hakikupanda usoni kwangu. Kwa hiyo wembe wa stendi mimi nautoa kabisa, labda kama unakata uzi wa suruali. Na ukilazimika kununua pale, angalia vitu viwili tu, pakiti iwe imefungwa toka kiwandani na kofia iwe imebana.

Kinyozi nilimfikiria pia msidhani. Saa nne usiku wengi wameshafunga, nikamkuta mmoja yupo wazi maeneo ya Majengo, kijana mchangamfu tu, singeli imefunguliwa hadi mwisho, lakini mashine imetoka kichwani kwa mteja akaipiga brashi mara mbili akaniambia karibu kaka kaa. Spiriti sijaiona. Nikamwambia narudi nikaondoka. Sio kwamba vinyozi wa Dodoma wabaya, kuna saluni nzuri nyingi wanapaka spiriti mbele ya macho yako na wengine wana kile kiboksi cha taa ya bluu, na buku tatu inatosha kabisa. Ila homa ya ini na virusi vya ukimwi havina mzaha, vinapita kwenye damu, na kifaa cha kunyolea kikikata ngozi kidogo tu damu imeshatoka hata kama huioni. Kama huoni spiriti, inuka.

Supamaketi sasa. Kuna moja ndogo kwenye sheli, hizi zinazofunguliwa mpaka usiku mwingi, ndani kuna kiyoyozi na nyembe zimefungiwa kwenye kabati la kioo nyuma ya keshia pamoja na betri na sigara. Nikaona ile ya kubadilisha kichwa yenye makali matatu, bei elfu kumi na nane na kichwa cha akiba kimoja tu. Povu la kopo elfu kumi na nne. Afta shevu sijauliza hata bei. Jumla ungekuwa unakaribia bei ya chumba cha gesti yangu, na hapo bado hujalala.

Lakini hata ningekuwa na hela za kuchezea nisingechukua ile ya makali matatu, na hapa ndio nataka niseme kidogo. Zamani wembe wa kiwandani ulikuwa kikaratasi kimoja cha chuma, Gillette alipata hatimiliki yake Marekani mwaka 1904, na kwa miaka mingi watu wamenyoa na ukali mmoja mmoja tu. Ilipofika 1971 kampuni yake ikatoa kichwa chenye makali mawili, ukali wa kwanza unauvuta unywele kidogo, wa pili unaukata kabla haujarudi, kwa hiyo unywele unabaki chini kidogo ya ngozi. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka hiyo safi sana, uso unateleza. Kwa sisi wa kipilipili unywele uliokatwa chini ya ngozi ukianza kuota unajikunja, unachoma nyama kwa ndani, ndio kile kipele chenye usaha na ukikiminya unakuta kiunywele kimejizungusha humo. Ukiongeza makali ya tatu na ya nne ndio unazidi kuchimba. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi unaishia hapo. Hautakupa uso wa kwenye tangazo, ukipitisha kiganja utasikia mkwaruzo kwa mbali, lakini shingo haitawaka moto keshokutwa. Kwa hiyo bei ndogo hapa sio kwa sababu ya ubahili, kwa ndevu zetu kifaa cha bei rahisi ndio chenyewe.

Nikaishia kwa mangi, duka la dirisha la nondo, mwenyewe yupo ndani anaangalia mpira kwenye simu.

"Mangi, wembe upo?"

"Upi, wa kucha au wa mpini?"

"Wa ndevu."

"Si ndio wa mpini kaka. Wa njano huo, mia saba."

Akavuta kadi iliyokuwa nyuma ya viberiti akachomoa mmoja. Nikaomba na huo wa kucha niuone, ni zile pakiti ndogo za karatasi zenye nyembe tano za makali pande mbili, anauza hata moja moja kwa mia. Hizo ni kali kuliko vyote nilivyoshika usiku ule, mafundi cherehani wanazitumia kufumulia nguo, lakini bila kishikio chake usithubutu kupeleka shingoni, na kishikio Dodoma saa nne usiku hupati. Nikachukua Bic mbili, sabuni ya kipande, mafuta ya nazi Parachute ile chupa ya bluu ndogo kabisa, nikatoa buku tano na chenji ikabaki.

Nilipita pia famasi iliyo jirani, nikamkuta mama mmoja mtu mzima, shikamoo, marahaba baba, nikaulizia spiriti ya kupaka baada ya kunyoa. Ilikuwepo, kachupa buku moja, ila akaniambia ukweli wake kwamba spiriti niipake kwenye kifaa sio usoni, usoni inakausha ngozi na kwa huu upepo wa Dodoma utaamka umepauka na kuchubuka. Na Dettol usimimine nzima nzima usoni, inaunguza. Akaniambia ninawe maji ya baridi nipake mafuta kidogo basi. Kuna krimu na poda za kunyolea zipo pale pia, zile za kupaka unasubiri dakika chache unakwangua, vipele kweli zinapunguza kwa wengi kwa sababu hakuna makali, ila zinanuka yai viza na ukizidisha muda zinababua, na maelekezo yenyewe yanasema ujaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi usubiri. Sasa usiku wa kuamkia kikao unasubiri nini, hizo ni za wikiendi ukiwa nyumbani. Huyo mama nampa nyota zote, angeweza kuniuzia nusu ya kabati na hakufanya hivyo.

Sasa kunyoa kwenyewe. Wageni wa Dodoma jueni maji. Ya bombani mji ule mengi ni ya visima, yana chumvichumvi, sabuni unasugua mpaka unachoka povu linakuja jembamba halafu linakufa mkononi. Wembe ukipita kwenye povu la namna hiyo unapita kwenye ngozi kavu. Nilichofanya, mapokezi walikuwa na birika la umeme, nikachemsha maji ya chupa ya kunywa nusu lita nikayachanganya yawe vuguvugu, nikaloweka taulo nikaliweka usoni mpaka likaanza kupoa, nikapaka mafuta ya nazi kidogo sana kwanza halafu ndio sabuni juu yake. Tofauti ni kubwa mno. Na maji ya chupa povu linasimama, na mafuta yanafanya wembe uteleze badala ya kukwaruza. Ila mafuta yasizidi, yanaziba pale kwenye makali, inabidi usuuze kila ukipitisha mara mbili tatu. Vaseline ndio kabisa usijaribu, inaganda humo haitoki.

Bic yenyewe ni nyepesi, mpini mwembamba, kwa mkono mkubwa unahisi umeshika kijiti, na haina shingo inayocheza kwa hiyo kwenye kidevu lazima uipinde mwenyewe. Usiikandamize. Nilinyoa kufuata ndevu zinakoelekea, mara moja tu, sirudii kinyume hata kama nimeona kuna zilizobaki, na chini ya taya kule ambako zinazunguka zunguka nikaenda kidogo kidogo nikivuta ngozi kwa kidole. Ilikata vizuri uso mzima. Kwenye koromeo ikanigusa kidogo, tone la damu, nikabandika kipande cha tishu. Asubuhi nipo safi, sio mng'aro, safi. Jioni yake shingo imetulia, keshokutwa pia. Nilijaribu kutumia uleule mara ya pili nikaona umeanza kuvuta kwenye masharubu, kwa hiyo kwa ndevu ngumu uhesabu ni wa mara moja, na kwa mia saba siwezi kulalamika.

Kitu ambacho nilikuja kukipata mchana baada ya kikao na natamani kila msafiri awe nacho ni shabu. Soko la Majengo kwa wauza viungo na ubani, jiwe jeupe linang'aa, mzee akanikatia kipande cha jero. Wazee wa pwani wanaijua, kinyozi wa zamani alikuwa anakupaka hiyo ukimaliza kunyolewa. Unailowanisha, unapitisha usoni, pale wembe ulipokosea inachoma na damu inakata hapohapo, ngozi inabana, unaiacha dakika moja unanawa. Kipande kile sioni kikiisha hivi karibuni na hakimwagiki kwenye begi. Tatizo ni moja, dada wa meza ya pili aliposikia mwanaume anaulizia shabu alicheka mpaka akageuka, wanaojua matumizi yake mengine wanaelewa. Mimi nikamwambia ni ya ndevu, akasema haya kaka, na bado anacheka.

Kabla hujaingia mfukoni, uliza mapokezi. Gesti za kawaida watakupa sabuni na kandambili tu, lakini hoteli zilizochangamka kidogo huwa wana vipakiti vya kunyolea vimekaa droo ya mapokezi, hawaviweki chumbani mpaka uombe, kuna wembe na kikrimu kidogo humo na ni bure. Wembe wake mara nyingi ni wa makali mawili, mimi ningechukua krimu tu wembe niwaachie.

Na kama unarudi na ndege, zile nyembe za karatasi za mangi usiweke kwenye begi la mkononi, zitabaki pale kwenye ukaguzi. Hii Bic ya plastiki ambayo makali yamegandishwa humo kwa kawaida inapita. Kopo la povu kwa ndege ya nje ya nchi nalo likizidi mililita 100 linabaki, ndio maana nasema sabuni ya kipande.

Ule wembe uliotumika usiuache wazi kwenye ndoo ya taka ya gesti, asubuhi mhudumu anaingiza mkono kukusanya. Rudisha kofia yake, uviringishe kwenye karatasi, ndio utupe.