Shati la mistari: ligeuze ndani nje kabla hujalipa

Malalamiko ya wasomaji siku hizi yamefanana: shati la mistari lilikuwa zuri dukani, limefuliwa mara chache, mistari imekwenda upande. Begani imenyooka, kiunoni imekimbilia mgongoni. Saizi na rangi mnajua kuchagua wenyewe. Mimi nauliza jambo moja tu: mistari imefumwa au imechapwa?

Mistari ya kufumwa hutoka kwenye nyuzi zilizotiwa rangi kabla ya kufika mtamboni. Zimepangwa kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, kwa hiyo mstari ndio uzi wenyewe. Ya kuchapwa hupakwa juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa. Kitambaa kikipita mashineni kimevutika upande, mistari huonekana imenyooka huku nyuzi zimepinda. Ukikifua, nyuzi zinarudi mahali pake na mistari ndiyo inayopinda. Pasi hainyooshi hiyo.

Kwa hiyo geuza shati. Upande wa ndani ukiwa umefifia au mweupe, liache. Vitambaa vyepesi hudanganya, maana rangi hupenya hadi ndani. Hapo tafuta uzi unaoning'inia kwenye mshono, ule unaokatiza mistari. Wa kitambaa kilichofumwa una rangi moja mwanzo hadi mwisho. Wa kilichochapwa una vipande: buluu, nyeupe, buluu, nyeupe.

Katika nguo za mistari ninazopendekeza, namba moja ni fulana ya mabaharia wa Ufaransa, ile ya mistari ya kulala. Amri ya mwaka 1858 iliyoifanya sare ilitaja hadi vipimo: mistari myeupe 21 ya milimita 20, na ya buluu 20 au 21 ya milimita 10. Nunua ya Saint James, kampuni ya Normandy iliyoanza 1889. Naipendelea na sifichi: mistari iko ndani ya uzi, na pamba yake imeshiba. Armor-Lux, kampuni ya mji wa Quimper, inafuata.

Namba mbili, shati la kola la kitambaa cha mistari iliyokunjamana. Nyuzi za mtande hukazwa na kulegezwa kwa zamu, na zile zilizolegea ndizo zinazojikunja. Haliombi pasi, na halishikamani na ngozi wakati wa joto.

Tatu, tai ya mistari ya mshazari. Ya Kiingereza hushuka kutoka bega la kushoto la mvaaji. Brooks Brothers ya Marekani iliigeuza ianzie kulia. Uliza kwanza mistari hiyo ni ya nani, maana mingine ni alama ya kikosi au shule, na wenyewe wanaitambua.

Nguo za milia kama ya pundamilia karibu zote ni za kuchapwa, na sina ugomvi nazo: milia ya pundamilia haikunyooka tangu mwanzo. Za bei ya chini kabisa, vaeni nyumbani.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Cha kuchapwa wanakitoza bei ya kilichofumwa, mtandaoni wanaweka picha ya mbele peke yake, na ukiuliza unajibiwa "pamba safi", kana kwamba uliuliza pamba. Mistari ya mfuko wa kifuani haikutani na ya shati kwa sababu mtengenezaji alibana matumizi ya kitambaa, lakini punguzo hilo halimfikii mnunuzi. Ombeni picha ya ndani na ya mshono wa ubavuni. Asiyetaka kuzituma, msimpe pesa.