Pigo la kichwani: adhabu ya vyuo au ya NFL?

Katika futiboli ya Marekani, beki akimgonga mpinzani kwa utosi wa helmeti, vyuo na ligi ya kulipwa, NFL, humhukumu tofauti kabisa.

Kwa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, tangu 2013, adhabu ya kosa hilo ni yadi 15 (timu yake hupoteza umbali huo uwanjani) pamoja na mchezaji kutolewa. Kwa kanuni ile ya 2013, likitokea kipindi cha pili, mchezaji alikosa pia kipindi cha kwanza cha mechi iliyofuata. Ni kali, lakini kila uamuzi wa kumtoa mtu hupitiwa kwenye video. Mwaka ule wa kwanza kulikuwa na dhuluma ya wazi: video ikimsafisha mchezaji, alirudi kucheza, ila timu yake ilibaki imekatwa zile yadi 15! Walirekebisha 2014, na walifanya vyema.

NFL nayo hutoza yadi 15, ila kumtoa mchezaji ni pale tu kosa linapoonekana baya mno. Kinachouma zaidi huja baadaye: faini, ambayo anaweza kuikatia rufaa. Hapo ndipo ninapokwama. Faini haiisaidii timu iliyompoteza mpokeaji wake, yaani mdakaji wa pasi, kwa mtikisiko wa ubongo, huku aliyemgonga akiendelea kucheza.

Hata hivyo, vyuo navyo vina kasoro. Mpokeaji akiinama ghafla, beki aliyelenga kifua hujikuta amegonga kichwa, naye hutolewa sawa na aliyekusudia. Nachagua NCAA kwa sababu ya video, ila ningetaka madaraja mawili: bahati mbaya, yadi 15 tu; makusudi, nje.